Kidonda cha Kichwa Kinachofunga Juu na Kuoza Chini

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya wanachama katika mkutano wa Lubunga, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa)



Mlituomba tuje kuzungumza juu ya vidonda kwa jumla. Sisi wa timu ya terain tumechagua kimoja tu, kidonda cha kichwa, na shida moja tu inayotoka humo: usaha, yale tunaita mafina, kuingia ndani ya mfupa wa fuvu. Waganga wetu, kwa kuwa wanasoma kwa Kifaransa, wanauita ugonjwa huu osteomielite ya fuvu. Si ugonjwa wa kila siku. Lakini hapa upande wa kushoto wa mto tuna sababu ya kuujua kuliko watu wa pahali pengine.

Sababu mnaijua. Tangu mwezi wa pili 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipowaka hapa Lubunga na kusambaa kwenye njia za Opala na Ubundu, watu walikatwa mapanga, walichomwa mishale, nyumba zikaunguzwa, na maelfu wakavuka mto kwenda kulala kwenye masomo, makanisa na kwa jamaa. Hatuko hapa kuuliza nani alianza. Ndani ya chama hiki kuko Wambole, kuko Walengola, na mmekaa kwenye benchi moja. Tunasema tu kwamba panga linatafuta kichwa, na kwamba vichwa vingi vilishonwa haraka haraka, kwa mwanga wa torche, na mtu ambaye alikuwa na sindano na uzi lakini hakuwa na maji ya kutosha ya kuosha. Wale waliopona walirudi kijijini. Kovu wanalo. Na ugomvi ukitulia, kichwa hakipumziki: kuko moto zinazoanguka bila kofia ya kukinga, kuko vijana wanaopanda ngazi kukata mikungu ya mawese, kuko toleka anayegongwa na gari usiku.

Kwanza tuelewe mfupa wenyewe. Mfupa wa fuvu si kitu kimoja kigumu kama jiwe. Una tabaka mbili ngumu, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati kuna sehemu laini yenye matundu madogo madogo, imejaa damu. Ni kama ukuta wa matofali mawili yenye nafasi katikati. Uchafu ukiingia katika nafasi ile, unajificha pale ambapo maji ya kuosha hayafiki na hata dawa inafika kwa shida. Tena mishipa midogo ya damu inayopita humo haina milango ya kuzuia damu kurudi nyuma. Mto wetu tunaujua, unateremka tu, haupandi. Lakini damu katika mishipa ile inaweza kwenda huku na huku, kutoka ngozi mpaka mfupa, kutoka mfupa mpaka kwenye ngozi ya ubongo. Njo maana mafina ya juu ya kichwa yanaweza siku moja kuwa mafina ya ubongo.

Na hapa kuna udanganyifu. Ngozi ya kichwa ina damu nyingi kuliko ngozi ya pahali pengi mwilini. Ndiyo sababu kidonda cha kichwa kinatoa damu ya kuogopesha, na ndiyo sababu kinafunga upesi. Wiki moja na nusu, mbili, nyuzi zimetolewa, nywele zinaanza kuota, mtu anasema, "Mungu asifiwe, nimepona." Chini yake, kama mfupa ulivunjika kidogo na uchafu ukabaki, kazi inaendelea polepole. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi.

Mtu wa kwanza kuueleza vizuri uvimbe huu alikuwa mpasuaji wa London, Percivall Pott, mwaka 1760. Waganga na waenfirmie waliopo hapa wanalijua jina hilo kwa ajili ya kifua kikuu cha uti wa mgongo, mal de Pott. Ni mtu yule yule, lakini ni shida nyingine. Pott aliwatazama watu waliopigwa kichwani, akaona kwamba siku kadhaa baadaye ngozi inainuka pahali palipopigwa, uvimbe laini, wa mviringo, na akaelewa kwamba uvimbe ule ni ishara ya mafina yaliyo juu ya mfupa na mara nyingi chini yake pia. Hakuwa na radio wala skana. Alikuwa na macho na vidole, na hivyo ninyi pia mnavyo.

Basi mnatafuta nini? Uvimbe kwenye pahali pa jeraha la zamani au kwenye paji la uso, ambao ukibonyeza hausikii ugumu wa mfupa, unasikia kitu kama lituma bado ya moto. Kidole kikitoka, shimo linabaki kidogo. Wakati mwingine unauma, wakati mwingine hauumi sana, na hapo watu wanaudharau. Au tundu dogo kwenye kovu, linalotoa maji maji au mafina, linafunga siku nne, linafunguka tena, linafunga, linafunguka. Tundu la namna hiyo juu ya mfupa karibu kila mara lina kitu kilichokufa chini yake. Pengine kipande kidogo cha mfupa kinatoka chenyewe, watu wanadhani ni jiwe au uchawi uliotolewa. Ni mfupa. Kuumwa kichwa kusikokwisha upande ule ule, na homa. Homa inaweza kuwa ndogo, inaweza kukosekana kabisa.

Kuhusu homa tukae kidogo, kwani huko ndiko watu wengi wanapotelea. Hapa Tshopo homa ina jina moja: malaria. Mtu anaenda kituo cha afya, anachomwa kidole, kipimo cha haraka kinatoka positif, anapewa dawa za siku tatu, anarudi nyumbani. Sawa, ndivyo inavyotakiwa kufanyika. Lakini katika jimbo kama letu watu wakubwa wengi wanatembea na vimelea vya malaria katika damu bila kuugua, na kipimo kile kinaweza kubaki positif wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo positif haimaanishi kwamba homa hii ya leo inatoka kwa malaria. Mtu akimaliza dawa zote sawasawa na homa inarudi, kabla ya kumtafutia Widal ya tifoidi (na Widal ya mara moja peke yake haithibitishi tifoidi, waenfirmie wanajua, wagonjwa hawajui), toeni kofia yake, tandueni kitambaa chake, pitisheni mkono juu ya kichwa chake chote. Ni kitu cha dakika mbili, hakilipishwi.

Tuliona kijana mmoja, baba wa watoto watatu, alikatwa upande wa kushoto wa kichwa. Jina na kijiji tunaviacha. Alishonwa, alipona, alirudi kulima. Mwezi wa tatu baadaye kovu liliinuka. Alitibiwa malaria mara tatu. Duka moja la dawa lilimwuzia kapsuli, akaambiwa azifungue na kumimina unga juu ya tundu, na alifanya hivyo kila asubuhi. Mama mkwe alimtwangia majani. Yeye mwenyewe alituambia, "Kichwa inaniuma lakini naweza kufanya kazi." Kisha siku moja mkono wa kuume ulikataa kushika kijiko. Mkono wa kuume, jeraha la kushoto: upande mmoja wa ubongo unaongoza upande mwingine wa mwili. Siku ile ile jamaa zake walimvusha kwa pirogue.

Ishara kama hizo si za kungoja asubuhi. Mkono au mguu unaolegea, maneno yanayochanganyika, kutapika pamoja na kuumwa kichwa, shingo kukakamaa, usingizi usio wa kawaida, jicho linalovimba na kusukumwa mbele, na kifafa kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Kifafa ni kingi katika jimbo letu, hasa kando ya mito yenye inzi wadogo weusi wanaoleta upofu wa mto, na kwa hiyo watu wamekizoea. Lakini mtu mkubwa aliyepigwa kichwani mwaka jana akaanguka kifafa kwa mara ya kwanza leo, huyo ni wa hospitali, si wa chumba cha maombi peke yake. Muombeeni njiani, mkitaka.

Sasa matibabu. Tunawaomba mshike hili kwa nguvu: vidonge peke yake haviponyeshi mfupa uliokufa. Mfupa uliokufa hauna damu, na dawa inasafiri katika damu. Unaweza kumpa mtu dawa nzuri kuliko zote za Kisangani, uvimbe utashuka, homa itashuka, baada ya wiki tatu vyote vitarudi. Lazima mpasuaji afungue, atoe mafina, apeleke sehemu yake kwenye maabara ili ijulikane ni mdudu gani, akwangue mfupa uliokufa mpaka afike kwenye mfupa unaotoa damu. Mara nyingi mdudu ni stafilokoki, yule yule wa majipu. Lakini kama ugonjwa umekwenda polepole sana, ni lazima kutafuta kifua kikuu pia, kwa sababu kinaweza kukaa hata kwenye fuvu, na dawa zake katika nchi yetu ni za bure. Kabla ya kupasua, radio ya kawaida inaweza kuonyesha mfupa ulioliwa, lakini inachelewa: katika wiki ya kwanza na ya pili inaweza kuonekana safi kabisa wakati ugonjwa upo. Skana inaona vizuri zaidi, na inaonyesha kama mafina yamepita ndani. Wapasuaji wa ubongo katika Kongo ni wachache na wengi wao wako Kinshasa. Lakini mpasuaji wa hospitali kuu anaweza kufungua jipu la juu na kuamua nani asafirishwe.

Msidhani kugusa mfupa wa kichwa ni jambo la wazungu tu. Kule Kenya, kwa Wakisii, kulikuwa na mafundi wa kienyeji, omobari, waliokuwa wakikwangua fuvu la mtu aliyeendelea kuumwa kichwa baada ya kupigwa, na waganga wa hospitali waliandika juu yao katika karne ya 20. Tunalisema ili mjue kwamba wazee wa Afrika walielewa kuwa shida iko kwenye mfupa, si kwenye ngozi. Hatulisemi ili mtu ajaribu kwa wembe nyumbani!

Baada ya kupasua, dawa. Kwanza katika mshipa, kwa seromu na sindano, halafu mganga akiona inafaa anabadilisha kwa vidonge. Jumla yake kwa kawaida ni wiki sita, wakati mwingine zaidi. Wiki sita. Majina ya dawa na vipimo vyake tunawaachia waganga, maana tukiyataja hapa kesho mtakwenda kuyanunua. Kama mpasuaji aliondoa kipande kikubwa, pahali pale panabaki laini, na mtu anapaswa kukilinda kichwa chake, asibebe mzigo juu yake; kufunika tundu lile kwa kifaa kigumu kunangoja miezi mpaka iwe hakika kwamba ugonjwa umekwisha.

Na hapa tunafika kwenye neno lililotuleta. Kijana yule wa mkono wa kuume alipasuliwa. Siku ya 12 ya sindano faranga za jamaa zilikwisha. Homa ilikuwa imeshuka, mkono umeanza kurudi, kila mtu alimwona mzima, na kaka yake mkubwa akasema warudi nyumbani, kuuza mbuzi wa mwisho juu ya mtu anayecheka ni upumbavu. Waliobaki hospitalini walibaki kwa sababu majirani wa kambi ya zamani, watu waliolala naye chini ya hema moja, walikusanya kidogo kidogo mpaka wiki ya sita. Leo anashika jembe. Vidole viwili bado ni vizito. Mgonjwa mwingine, tuliyemfahamu baadaye, alitoka siku ya 15 kwa sababu hiyo hiyo. Hakuwa na majirani karibu. Alirudishwa baada ya miezi miwili na mafina ndani ya ubongo, na tulimzika.

Kanuni ya kasha lenu inasema mnalipa matibabu ya ajali kwa siku 14 za kwanza tangu siku ya jeraha. Tunaelewa ilitoka wapi: mliogopa kasha kumalizwa na mtu mmoja. Lakini angalieni hesabu. Ugonjwa huu unaanza kuonekana baada ya siku 14 kupita. Mwanachama anayelipa mchango wake kila mwezi anapovimba kovu mwezi wa tatu, kwa kanuni yenu yeye si mtu wa ajali tena, hana kitu. Na hata angehesabiwa upya, siku 14 za dawa kwa ugonjwa wa siku 42 ni fedha iliyotupwa mtoni, kwa maana ugonjwa utarudi na mtaanza tena kutoka mwanzo, kama mgonjwa bado yupo. Kwa maoni yetu ni afadhali kusaidia mtu mmoja mpaka mwisho kuliko watatu mpaka katikati. Tunajua ni neno gumu kulisema mbele ya watu watatu.

Kwa marafiki wafadhili tutasema wazi pia. Mnatuletea masanduku ya pansema, glavu, sabuni, na tunawashukuru kwa kweli, vinatumika. Picha zake ni nzuri. Lakini wiki ya tatu mpaka ya sita haina picha: ni mtu amelala kitandani anaonekana mzima, na mke wake anapika nje. Huko ndiko matibabu yanakokatika. Msaada kidogo unaolipa wiki hizo, chakula cha anayemlinda mgonjwa na pirogue ya kuvuka, utafanya kazi kuliko sanduku la kumi.

Neno fupi kuhusu siku ya kwanza, kwa kuwa ugonjwa unaozuiwa ni rahisi kuliko unaotibiwa. Kidonda cha kichwa bonyezeni kwa kitambaa safi mpaka damu isimame; lakini mkisikia mfupa umeingia ndani au unacheza, msibonyeze pale, funikeni tu na kwendeni. Msichokore kwa kidole, msitoe kitu kilichochoma ndani, hasa mshale, kifungeni kisicheze. Msimimine mawese, majivu, kahawa wala unga wa kapsuli. Kwenye kituo, ombeni kidonda kioshwe kwa maji mengi safi kabla ya kushonwa, nywele za kando zikatwe, na sindano ya kuzuia pepopunda itolewe. Kama maji maji meupe yanatoka puani au sikioni, au macho yote mawili yamekuwa meusi, msizibe kwa pamba. Ni dalili kwamba fuvu limepasuka chini.

Maswali yalikuwa mengi. Mama mmoja aliuliza kama mtoto wake, ambaye hakupigwa na mtu, anaweza kupata ugonjwa huo. Anaweza. Mafua mazito yanayokaa yanaweza kuingia kwenye mfupa wa paji la uso, zaidi kwa vijana wa miaka kumi na kitu, na sikio linalotoa mafina muda mrefu linaweza kuharibu mfupa wa nyuma yake. Watoto wenye drepanositozi, ambao hapa ni wengi, mifupa yao inashikwa kwa urahisi zaidi. Uvimbe wa paji au wa nyuma ya sikio pamoja na homa ni wa hospitali siku ile ile.

Mzee mmoja alituambia, kwa heshima, kwamba majani yake yamefunga vidonda vingi. Tulimjibu hivi: "Baba, hatubishi. Kufunga ngozi ndilo jambo ambalo kichwa kinafanya vizuri hata bila sisi. Ombi letu ni kwamba mtu akirudi kwako na tundu lile lile kwa mara ya pili, wewe mwenyewe umtume kwetu. Watu wanakusikia kuliko wanavyotusikia." Alikubali, na akasema atakuja naye kwa miguu.

Kijana wa moto aliuliza: "Kama nilipigwa 2023 na sisikii kitu, nihangaike juu ya nini?" Usihangaike. Uje tu tukushike kichwa. Tumekubaliana na wareko, wahamasishaji wa afya wa kila kijiji, kwamba kila mwenye jeraha la kichwa ataandikwa kwenye daftari na kuguswa kichwa kwa mkono baada ya wiki mbili, mwezi mmoja, miezi mitatu na miezi sita. Wa zamani wataanza kwa mara moja.

Kura juu ya kubadilisha kanuni ya siku 14 itapigwa kwenye mkutano mkuu ujao. Pendekezo lililoandikwa liko kwa katibu, na mwanachama yeyote anaweza kulisoma kabla. Daftari la vichwa linafunguliwa Jumatatu asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi. Njooni bila kofia.